Mto Nile unaanzia wapi? Swali la Wagiriki wa kale lililofika hadi Mwanza

Mtoto wa shule hapa Kiseke akiulizwa nani aligundua Ziwa Victoria, jibu analo mdomoni: John Hanning Speke, mwaka 1858. Akirudi nyumbani akamwuliza babu yake, huenda akachekwa. Ziwa lilipotea lini hata likagunduliwa? Wavuvi walikuwa humo na mitumbwi yao, Wakerewe walikuwa kisiwani kwao, na Wasukuma walikuwa na jina lake siku zote: Nyanza.

Babu ana haki ya kucheka. Lakini liko swali jingine ambalo darasani huwa halifiki: Speke alifuata nini huku? Hakuja kununua pembe za ndovu wala kuhubiri dini. Alikuja kutafuta jibu la swali ambalo si la Waingereza. Ni swali la Wagiriki wa kale, na lilikuwa limeulizwa zaidi ya miaka 2,000 kabla yeye hajazaliwa. Jibu lake limekuja kugusa hata maji yanayotoka bombani Shinyanga na Kahama, kwa hiyo tulifuate taratibu.

Mtu aliyekuwa akiuliza kila mahali

Wagiriki wa kale ndio wale ambao Biblia ya Kiswahili inawaita Wayunani. Mmoja wao aliitwa Herodotus, mzaliwa wa mji wa Halicarnassus ambao leo uko Uturuki. Aliishi katika karne ya tano kabla ya Kristo. Alisafiri sana, na alipofika Misri alikuta jambo lililomshangaza: mto mkubwa unaofurika wakati wa kiangazi, pale ambapo mito yote aliyoijua inapungua maji. Tena mto huo ulitoka kusini, nchi ambayo hakuna Mgiriki aliyeifahamu.

Akaanza kuuliza. Aliuliza Wamisri, Walibya na Wagiriki wenzake kama kuna anayejua mto huu unaanzia wapi. Anasema hakupata anayejua, isipokuwa mtunza hazina wa hekalu moja katika mji wa Sais, aliyemwambia kwamba iko milima miwili, Krofi na Mofi, na katikati yake kuna chemchemi zisizo na mwisho wa kina. Nusu ya maji huenda kaskazini na nusu huenda kusini. Herodotus aliandika maneno hayo kama alivyoyasikia, kisha akaongeza kwamba yeye alimwona mzee yule kama anatania.

Hapo ndipo tunapoona ukubwa wa kazi yake. Anamwambia msomaji wazi: hadi kisiwa cha Elephantine, karibu na Aswan ya leo, nimefika kwa miguu yangu na kuona kwa macho yangu, yaliyo mbele ya hapo nimesimuliwa. Mtangazaji yeyote wa redio anaijua tofauti hiyo. Kazi yake hiyo aliiita kwa neno la Kigiriki historia, ambalo wakati ule halikuwa na maana ya mambo ya zamani. Lilimaanisha kuulizauliza, kuchunguza. Neno hilohilo ndilo lililoko kwenye jalada la daftari la mwanao.

Si kwamba kila alichokisema kilikuwa sahihi. Baadhi ya Wagiriki walidai mto unafurika kwa sababu ya theluji inayoyeyuka huko kusini. Herodotus alikataa kabisa: nchi zenye joto namna ile zitapataje theluji? Kama angefika Moshi siku isiyo na mawingu angenyamaza. Hata hivyo kukataa kwake hakukumharibia sana, kwa maana mafuriko ya Misri hayatokani na theluji, yanatokana na mvua za nyanda za juu za Ethiopia, kama Wagiriki wa baadaye walivyokuja kutambua.

Mabaharia, pepo na maziwa mawili

Karne zikapita. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Jina lake halikuhifadhiwa. Ndani yake pwani yetu inaitwa Azania, na bandari ya mwisho inaitwa Rhapta, jina lililotokana na mitumbwi iliyoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari. Kutoka huko zilitoka pembe za ndovu na magamba ya kasa. Waarabu waliofika kufanya biashara, kinasema kitabu hicho, walioa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu bado wanabishana, ingawa wengi wanatazama pwani ya Tanzania, kuelekea Rufiji.

Kutoka kwa mabaharia wa namna hiyo habari zilifika Alexandria, Misri, kwa mtaalamu aitwaye Ptolemy. Mnamo mwaka 150 hivi baada ya Kristo aliandika kitabu kwa Kigiriki kiitwacho Geographia, na bila shaka umeshalitambua neno hilo pia. Aliorodhesha mahali kama 8,000 pa dunia aliyoijua, kila mahali na vipimo vyake vya kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Ni mtindo uleule ambao simu yako inautumia leo kujua uko wapi.

Ptolemy anamtaja baharia aitwaye Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka India. Pepo za kaskazini zilimsukuma kusini kwa siku 25 hadi karibu na maziwa ambayo Nile inatoka, si mbali na Rhapta. Huwa inasimuliwa kwamba Diogenes alitembea bara siku 25 na kuyaona maziwa hayo kwa macho. Kitabu hakisemi hivyo, kinazungumzia safari ya majini. Ptolemy mwenyewe aliona kasoro katika habari hiyo, akairekebisha kwa maelezo ya wafanyabiashara waliofika Rhapta: maziwa ya Nile hayako kando ya bahari, yako mbali bara. Akayaweka kwenye ramani kusini mwa ikweta, mawili, na nyuma yake milima yenye theluji inayoyalisha maji, iitwayo Milima ya Mwezi. Baadhi ya wasomi wanaona habari ya milima hiyo iliongezwa na wengine baadaye.

Tafakari hapo kidogo. Mtu aliyekaa Alexandria, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alijua kwamba ndani ya bara letu kuna maziwa makubwa yanayotoa Nile. Alijuaje? Kwa sababu mtu wa bara alimwambia mtu wa pwani, wa pwani akamwambia baharia, baharia akamwambia mwandishi. Mwanzo wa mnyororo huo ni watu wa huku, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kitabu kilipita mikono ya Waarabu

Ulaya ya magharibi kitabu cha Ptolemy kilikaa karne nyingi bila kusomwa. Waliokishika ni wasomi wa ulimwengu wa Kiislamu. Al-Khwarizmi wa Baghdad, yule ambaye kitabu chake cha hesabu ndicho kilichotupa neno aljebra, alikifanyia kazi upya katika karne ya tisa. Mwaka 1154 Al-Idrisi alimchorea mfalme wa Sicily ramani yenye Nile, maziwa yake na milima yake. Baada ya mwaka 1400 kitabu kilitafsiriwa Kilatini huko Italia, na tangu hapo wachora ramani wa Ulaya waliendelea kunakili maziwa mawili na Milima ya Mwezi, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kuja kutazama.

Njia hiyohiyo ya Kigiriki kupitia Kiarabu ndiyo iliyotuletea maneno falsafa na almasi, na askofu, ambalo Kigiriki ni episkopos, mwangalizi. Mengine yalikuja na wamisionari: parokia, katekista, ekaristi. Msikilizaji anayesali Jumapili hapa Ilemela hutamka Kigiriki kingi kabla ya misa kwisha.

Na katika karne ya 19 jambo la kuchekesha lilitokea. Waandishi kadhaa wa Ulaya waliposikia kwamba bara kuna nchi iitwayo Unyamwezi, walirukaruka kwa furaha: mwezi! Hii lazima iwe nchi ya Milima ya Mwezi. Mnyamwezi yeyote angeweza kuwaambia kwamba kwao hakuna mlima wenye theluji. Mwaka 1888 Stanley aliiona Rwenzori na theluji yake, akasema milima ya Ptolemy ndiyo hii.

Speke anafika Mwanza

Mwaka 1857 Richard Burton na Speke waliondoka pwani wakitafuta maziwa hayo. Burton alisoma vitabu vya Kigiriki na vya Kiarabu, na alijua Ptolemy alisema nini. Walifika Ziwa Tanganyika mwanzoni mwa 1858. Waliporudi Tabora, ambayo wakati ule iliitwa Kazeh, Burton alikuwa mgonjwa. Mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir, alikuwa amekwisha kuwaeleza kwamba kaskazini liko ziwa kubwa zaidi, ambalo wafanyabiashara waliliita Ukerewe. Speke akaenda, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ameuzwa utumwani hadi India na kurudi akiwa huru. Bombay ndiye aliyemwezesha kuzungumza na watu njiani.

Tarehe 3 Agosti 1858 Speke aliliona ziwa kutoka mlima wa huku kwetu Mwanza. Alikaa siku chache tu. Hakulizunguka, hakuona maji yakitoka, lakini aliondoka akiwa na hakika kwamba chanzo cha Nile amekipata. Akaliita kwa jina la malkia wake.

Burton hakukubali, na kwa haki yake: mtu ameona ncha moja ya ziwa, atajuaje yaliyoko ncha ya pili? Herodotus angekuwa upande wa Burton hapo. Speke alirudi na mwaka 1862 akaona maji yakitoka ziwani Jinja. Septemba 1864 wawili hao walitakiwa kujadiliana hadharani mjini Bath, Uingereza. Siku moja kabla, Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ubishi ulikwisha mwaka 1875, Stanley alipoondoka Kageye, upande wa Magu, na kulizunguka ziwa kwa mashua. Ni ziwa moja, na mto mkubwa unaotoka ndani yake ni ule wa Jinja.

Kwa maoni yangu, Speke alibahatisha vizuri, na Snay bin Amir ndiye aliyejua. Lakini Snay hakuandika kitabu. Huku kwetu aliyeandika ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, ambaye kazi yake inafanana na ya Herodotus: kuwasikiliza wazee na kuyaweka maisha yao katika maandishi. Riwaya yake ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Anayetaka kuwasoma Wagiriki wenyewe kwa Kiswahili atafute Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles iliyotafsiriwa na Samuel Mushi mwaka 1971. Ni habari ya mfalme anayemsaka mhalifu, kumbe mhalifu ni yeye.

Swali likageuka kuwa la maji

Ikishajulikana mto unaanzia wapi, swali linalofuata ni: nani anayo mamlaka juu ya maji yake? Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikitawala Tanganyika, Kenya, Uganda na Sudan, ilikubaliana na Misri kwamba bila ridhaa ya Misri hakutajengwa kitu kwenye Nile, mito yake wala maziwa yake katika nchi hizo kitakachopunguza maji yanayofika Misri. Mwaka 1959 Misri na Sudan zikagawana maji peke yao: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka kwa Misri na bilioni 18.5 kwa Sudan. Nchi zinakotoka maji hazikuwamo.

Tanganyika ilipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere iliandika mwaka 1962 kuziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929. Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa miongo minne. Kisha likajengwa bomba: maji yanavutwa ziwani Ihelele, wilayani Misungwi, yakapelekwa hadi Shinyanga na Kahama. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009, na baadaye ukaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora, ile Kazeh ambako Speke alianzia safari yake ya kuja kwetu. Huko Misri mradi huo uliwatia watu wasiwasi. Wengine wanakumbusha kwamba sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri, takriban asilimia 85, hutoka Ethiopia, na ziwa letu huchangia sehemu ndogo.

Mwaka 2010 Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia saini Entebbe mkataba mpya wa kutumia Nile kwa haki kati ya nchi zote za bonde lake. Ulianza kutumika rasmi tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudan Kusini kujiunga. Misri na Sudan hazijausaini, na zinaendelea kushikilia haki zao za 1929 na 1959.