Redio iliyompa mwalimu mikro

Redio ya mtaani ikipata direkta mpya, sisi wasikilizaji ndio wa mwisho kujua. Siku moja tunafungua redio na emisyo ya afya ya watoto haipo tena, mahali pake ni nyimbo tu. Tunalalamika sokoni siku mbili tatu, halafu tunazoea. Wiki hii tunawaletea habari ya redio moja ya mji wa Memphis, kule Marekani, ambako mabadiliko hayakuwafukuza wamama, bali yaliwaingiza ndani.

Redio hiyo inaitwa WDIA. Ilianza kusikika tarehe 7 Juni 1947, kwenye mawimbi ya AM. Wenyewe, Bert Ferguson na John Pepper, walikuwa Wazungu. Walipiga muziki wa kantri na nyimbo laini, sawa na redio zingine za mji, na pesa haikuingia. Wakati ule sehemu kubwa ya wakaaji wa Memphis walikuwa Watu Weusi. Walinunua sabuni na unga kama wengine, walikuwa na redio nyumbani, lakini hakuna stesheni iliyowahesabu.

Ndipo wenye redio wakamwendea mwalimu. Nat D. Williams alikuwa akifundisha historia kwenye shule ya sekondari ya Booker T. Washington. Tarehe 25 Oktoba 1948 alikaa mbele ya mikro kwa mara ya kwanza. Inasemwa kwamba maneno yote yalimtoka kichwani, akabaki anacheka. Kicheko hicho kikawa alama yake kwa miaka mingi. Kazi ya ualimu hakuiacha: asubuhi darasani, mchana redioni. Sisi waalimu tunafahamu uzito wa siku ya namna hiyo.

Si wote waliofurahi. Wazungu wengine walipiga simu kwa hasira. Lakini Ferguson hakumwondoa, na wasikilizaji wapya wakaongezeka, mpaka emisyo zote za WDIA zikawa za Watu Weusi. Ilikuwa redio ya kwanza ya Marekani kufanya hivyo. Mama mmoja, Willa Monroe, akapewa emisyo ya wamama wa nyumbani, yenye mapishi, habari za jamaa na muziki. Kabla ya hapo, mwanamke Mweusi kule Kusini aliingia kwa redio mara nyingi kwa kufagia tu.

Mwaka 1954 nguvu ya redio ilitoka wati 250 ikafika wati 50.000. Mawimbi ya AM yanaenda mbali, zaidi usiku, si kama FM yetu inayokwama nyuma ya mlima. Sauti ya Memphis ikafika vijiji vya mashamba ya pamba kule Mississippi. Mtoto akipotea, mtu akitafuta kazi, kanisa likiwa na mkutano, redio ilitangaza. Iliandaa pia tamasha za muziki, na pesa ya viingilio ikasaidia watoto. Watoto Weusi wenye ulemavu walipokosa basi la kuwapeleka shuleni, pesa hiyo ndiyo iliyowapatia usafiri.

Hata hivyo, kuna jambo tusilifiche. Mikro ilikuwa mikononi mwa Watu Weusi, lakini ofisi haikuwa yao. Mwaka 1957 redio iliuzwa kwa Mzungu mwingine, Egmont Sonderling, na Ferguson akabaki akiiongoza. Walimu, waimbaji na wamama waliijaza redio sauti, lakini maamuzi ya pesa yalifanywa na wengine. Ilipaswa kungoja mpaka miaka ya 1970 ndipo Mtu Mweusi, Chuck Scruggs, akawa mkurugenzi mkuu. Yeye alitumia kiti kile kwa kazi kubwa: alikuwa kati ya wale walioongoza juhudi za kuokoa hoteli ya Lorraine, mahali alipouawa Martin Luther King mwaka 1968. Mwaka 1991 hoteli ile ilifunguliwa kama makumbusho ya haki za raia.

Wamama, tunachojifunza ni hiki: kubadilisha nyimbo ni jambo moja, kubadilisha anayesema ni jambo la pili, na kubadilisha anayeamua ni la tatu. WDIA ilifanya mawili ya kwanza kwa mwaka mmoja hivi. La tatu lilichukua zaidi ya miaka ishirini.

Kwa hiyo redio ya kwetu ikitangaza uongozi mpya, tusiulize tu watapiga muziki gani. Kikundi kichague wamama wawili au watatu, waende kumsalimia direkta mpya kwa heshima, na wamuulize: Emisyo ya wamama itakuwa saa ngapi, saa tukiwa nyumbani au saa tukiwa shambani? Nani ataiongoza? Tangazo la mtoto aliyepotea linalipiwa, au ni bure? Na kwenye komite ya redio kuna wamama wangapi wenye haki ya kupiga kura? Majibu yaandikwe kwenye daftari ya kikundi, pamoja na tarehe. Baada ya miezi mitatu tuyasome tena kwenye mkutano, tuone yaliyotimizwa, na yale yasiyotimizwa turudi kuyauliza.