Sura, Kibao na Jina: Siku Yetu na Mpiga Picha Kamukunji

Ukifika Kamukunji, Nairobi, masikio ndiyo yanayotangulia. Ni nyundo juu ya bati, asubuhi hadi jioni. Mafundi wa jua kali wanatengeneza masanduku ya shule, majiko, karai na sufuria. Juzi tulienda huko na mpiga picha, tukitafuta picha za wateja wetu wenye biashara ndogo.

Fundi wa kwanza ni wa masanduku. Tulikuwa tumekubaliana atapigwa picha akiwa kazini. Kumbe tulimkuta na suti nyeusi, viatu vinang'aa, nyundo ameificha chini ya meza! Hakutaka watu waone makovu ya mikono yake.

Mpiga picha hakubishana. Alimpiga picha tatu na suti yake, akamwonyesha. Kisha akamuuliza vile kifuniko cha sanduku hukunjwa kisiache ncha ya kukata mtoto. Fundi akaanza kueleza, akaona maneno hayatoshi, akavua koti na kuchukua nyundo. Hapo ndipo kamera ilipofanya kazi. Baadaye, alipoangalia picha zote, ni yeye mwenyewe aliyechagua ile ya nyundo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1950 na 1951, Mmarekani Irving Penn aliwapiga picha wauza samaki, wauza nyama na watu wengine wa kazi za mikono huko Paris, London na New York, wakiwa na vifaa vyao. New York, licha ya kuambiwa waje na nguo za kazi, kuna waliofika wamenyoa ndevu na kuvaa suti. Fundi wetu hayuko peke yake.

Kabla ya kuondoka tulitaka kununua sanduku moja. Tulipoweka namba yake ya till, jina lililotokea halikuwa lake, wala lile la kwenye kibao. Lilikuwa la duka la shemeji yake, lililofungwa kitambo. Tukasita. Alituambia wateja wengi wakiona hivyo hughairi, wakidhani ni matapeli. Hatuwezi kuwalaumu, maana sisi wenyewe ndio huwaambia wasome jina kabla ya kulipa. Picha iwe nzuri namna gani, haiwezi kuziba pengo hilo.

Kwa hivyo, wewe mwenye biashara:

- Piga picha ukiwa kazini, na vifaa vyako mkononi. Simaama kivulini penye mwanga, na upanguze lenzi ya simu kwanza.
- Jilipe shilingi chache uone jina linalotokea. Kama si la biashara yako, fika kwenye ofisi yetu ya huduma na kitambulisho chako, tulibadilishe.
- Usiweke mtandaoni picha inayoonyesha kitambulisho, PIN au ujumbe wa malipo wenye namba za wateja.
- Mteja akikuonyesha ujumbe kwenye simu yake, usitoe mzigo bado. Angalia salio lako kwanza.

Fundi ameanza kubadilisha jina. Picha yake ya nyundo ataiweka kando ya namba ya kulipia, ili sura, kibao na jina viseme kitu kimoja. Sanduku letu bado liko kwake. Tumemwambia tutalilipia siku jina lake litakapotokea.