Kidani Kisichogawika: Utendi wa Mwana Kupona kama Urithi wa Mzazi

Katika madarasa yetu ya fasihi, Utendi wa Mwana Kupona hufunzwa aghalabu kwa swali moja: je, mshairi anamkandamiza mwanamke au anamwelekeza? Mjadala huo una uzito wake, ila umefunika jambo jingine. Makala haya yanautazama utendi huu kama kitu ambacho mzazi humwachia mtoto, mfano wa pete au sanduku la mama.

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeukaidi utawala wa Seyyid Said wa Unguja. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Mnamo 1858 (1275 Hijiria, mwaka unaotajwa ndani ya utungo wenyewe) mjane huyu, akiwa ameugua mwaka mzima, anamwita bintiye Mwana Hashima aje na wino na karatasi. Yapata 1860 naye alifariki.

Tuangalie anachompa. Kabla ya kumtaja mume, mama anaahidi hirizi ya kufungwa kwa uzi, kisha kidani cha lulu na marijani cha kung'aa shingoni. Sitiari hii haikuokotwa njiani. Vito halisi vingeingia katika mirathi, na kwa sheria ya Kiislamu fungu la mwana wa kiume ni sawa na mafungu ya mabinti wawili. Mwana Hashima alikuwa na ndugu wa kiume. Wala mrithi haachiwi mali kwa wosia pasi na ridhaa ya warithi wenzake. Maneno, kwa upande wake, hayapigiwi hesabu na kadhi.

Lililo zito zaidi ni kumbukumbu ya baba. Katikati ya mafunzo, mama anaacha kuagiza na kuanza kusimulia: alivyoishi na mumewe kwa furaha na vicheko, bila kuvunjiana heshima, na jinsi mauti yalipomfikia mume huyo angali akimpa radhi zake. Wahakiki wengi huzisoma beti hizi kama ushahidi wa utiifu tu. Sikubaliani nao. Ikumbukwe kwamba tarehe humjua Bwana Mataka kwa vita. Humu hana upanga. Ni mtu anayecheka nyumbani kwake, na sura hiyo hakuna mwingine aliyeweza kumkabidhi binti yule ila mama yake.

Kidani cha lulu huvaliwa na shingo moja kwa wakati mmoja. Hiki, mshairi mwenyewe anawaalika wanawake wote wakisome. Kilinakiliwa kwa hati za Kiarabu, kikakaririwa Lamu, kikachapishwa mwaka 1934 na Alice Werner na William Hichens, na tena mwaka 1971 katika kitabu Tendi cha J.W.T. Allen. Wengi wetu tumekijua kwa hati za Kirumi, bila kuuona mswada hata mmoja.

Miswada iliyofika maktabani, hata hivyo, ni ile ambayo wakusanyaji waliiulizia. Iwapo yuko mama mwingine wa Pate, Siyu au Lamu aliyemwandikia bintiye beti ishirini tu, yamkini karatasi hiyo ingali sandukuni, chini ya leso, na anayeweza kuiomba bila kuonekana mgeni ni mjukuu wake.