Chai ya shambani: shilingi 25,000 inanunua nini?

Sahani iliyotua mbele yangu ilikuwa na mayai mawili macho, vipande vitatu vya mkate mweusi, kijiko cha siagi iliyokuwa bado ikitoa matone ya maji, pande la jibini la ukubwa wa kiberiti, jemu ya plamsi na nusu parachichi. Pembeni glasi ya pasheni na birika la maziwa ya moto yaliyoshika utandu. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, juu ya mji wa Lushoto, ukungu ukiwa umekaa bondeni kama mtu asiye na haraka ya kuondoka.

Bei: shilingi 25,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto. Sisi tulikuwa wanne, wakubwa wawili na watoto wawili, kwa hiyo 75,000. Bajaji ya kutupandisha na kutusubiri ilikuwa 20,000 nyingine. Mke wangu, ambaye ni Msambaa na amekua akinywa maziwa kama hayo bure kwa bibi yake, aliitazama karatasi ya bei, akanitazama mimi, akasema, "Baba watoto, hapa tunanunua maziwa au ng'ombe?"

Swali la haki kabisa. Nikageuza ile karatasi na kuanza kupiga hesabu nyuma yake. Jina la shamba silitaji, kwa kuwa bei hubadilika na sitaki mtu apande mlima kwenda kugombana na wahudumu.

Sahani yangu kwa bei za sokoni ilikuwa hivi. Mayai mawili ya kienyeji, 1,200. Mkate wao walikuwa wakiuza dukani pale pale kwa 6,000, na mkate mmoja unatoa vipande kama kumi na tano, basi vitatu ni 1,200. Siagi 400, jibini 1,300, jemu 300, parachichi 250, pasheni 700, maziwa 800. Jumla 6,150. Kama bei imeshajumuisha VAT ya asilimia 18, katika ile 25,000 serikali inachukua takriban 3,800. Zilizobaki, karibu 15,000, ndizo za moto, mikono, kitambaa cha meza, ukarabati wa barabara inayomomonyoka kila masika, faida, na lile bonde lenye ukungu.

Sisemi ni wizi. Vitu viwili kwenye sahani ile vinastahili bei yake, navyo ni jibini na siagi. Kilo moja ya jibini gumu hula takriban lita kumi za maziwa, na kilo ya siagi hula lita ishirini au zaidi. Milimani Usambara ardhi ni finyu. Ng'ombe hafugwi kwa kuachiwa malishoni. Anafungiwa bandani na majani ya tembo hukatwa, hubebwa kichwani na kuletwa mbele yake. Ukijua hivyo, kile kipande cha ukubwa wa kiberiti hukiangalii tena kwa dharau. Mkate nao ulikuwa wa kweli: mzito, mchachu kidogo, wenye ganda linalokupa kazi. Eneo la Irente, pale Lushoto, limejijengea jina kwa mikate, jibini na jemu za namna hiyo kwa miaka mingi, na watu wa Dar es Salaam wakishuka kutoka huku hubeba mfuko.

Mayai ni habari nyingine. Mhudumu, binti mpole sana, alituonyesha kiini cha rangi ya chungwa na kusema, "Mnaona, kienyeji huyo." Huenda ni kweli, ila rangi ya kiini haithibitishi kitu. Rangi inatokana na chakula: kuku akila mahindi ya njano na majani, kiini kinakolea, wa kisasa akitiliwa rangi kwenye pumba, kinakolea vile vile. Tofauti ya bei ina sababu, kwani kuku wa kienyeji akitaga mayai hamsini kwa mwaka amejitahidi, wakati wa kisasa hupita 250. Lakini macho yako hayawezi kukuambia ni yupi. Njia ni kuuliza banda liko wapi, kisha kwenda kuliona. Sisi tuliliona. Kuku walikuwepo, kama kumi na wawili, na meza za wageni zilikuwa tisa. Fanya hesabu mwenyewe.

Hapo ndipo penye mtihani wa mashamba haya yote: ni vitu vingapi kwenye sahani vimetoka hapo? Katika safari nyingine, mkoa mwingine, nilikaa chini ya mikahawa yenye matunda mekundu, nikaagiza "kahawa ya shamba", nikaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga. Kahawa ya unga siidharau. Africafe inatengenezwa hapa nchini na nyumbani kwangu ipo. Lakini siyo niliyoipandia mlima, na kopo halikupaswa kupanda bei kwa kuwekwa chini ya mti wa kahawa. Siku hizi swali langu la kwanza, kabla ya kukaa, ni hili: "Dada, samahani, leo kipi ni cha hapa hapa?" Mwenye shamba la kweli hujibu kwa majina: maziwa, jibini, plamsi, mboga hizi, nyanya tumenunua. Asiye nalo husema, "Vyote." Mimi namwogopa huyo wa vyote.

Sasa tushuke mjini. Asubuhi iliyofuata tulikwenda kwa mama ntilie, jirani na soko la Lushoto. Chai ya maziwa vikombe vinne, 4,000. Chapati sita, 3,000. Maharage sahani mbili, 2,000. Mayai manne ya kuchemsha, 2,000. Jumla 11,000, na tulishiba kuliko jana. Ukiweka na ile bajaji, shambani tulitumia mara nane na ushei.

Na hebu angalia maziwa ya mama yule yalikotoka. Tukiwa bado tunasubiri chapati, bodaboda alisimama na dumu la njano, akamwaga maziwa kwenye sufuria, akaandikiwa kwenye daftari, akaondoka. Yametoka kilima kile kile. Kutoa chakula shambani na kukiweka mezani siyo ugunduzi mpya Lushoto. Ni maisha ya kila siku, na kabichi, karoti na hoho zinazobaki ndizo zinazoteremka na malori kupitia Soni na Mombo hadi Dar. Tofauti ni kwamba kwa mama ntilie hakuna aliyekuandikia hivyo ubaoni kwa chaki. Kasoro yake pia niiseme: benchi ni moja, moshi ni mwingi, jibini hakuna, na watoto wangu walitaka kumwona ndama, siyo bodaboda.

Kuna njia ya katikati, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa familia yenye bajeti. Mashamba mengi yenye mgahawa yana kaduka. Mkate 6,000, jibini robo kilo 8,000, chupa ya jemu 5,000, mayai manne ya kuchemsha 2,400, parachichi mawili 1,000. Hiyo ni 22,400 kwa watu wanne. Chai unaijaza kwenye chupa kutoka ulikolala. Unatafuta jiwe lenye mandhari, kisu cha mfukoni, basi. Sehemu kubwa ya jemu na jibini inabaki kwa kesho. Unachokosa ni siagi ile (haisafiri), mayai ya moto, na kuhudumiwa. Kwa mama aliyepika mwaka mzima, kuhudumiwa siyo kitu kidogo, na mke wangu alinikumbusha hilo kabla sijamaliza kusifu jiwe langu.

Jambo linalosahaulika sana: nyumba ya wageni uliyolala huenda umeshailipa chai. Vyumba vingi huuzwa pamoja na kifungua kinywa, hata kama ni slesi mbili na soseji baridi. Ukipanda shambani, umekunywa chai mbili na kulipia mbili. Omba usiku wa kuamkia wakupunguzie, wengi watakataa. Basi waombe wakufungie, mayai na ndizi, uwe na chakula cha njiani. Sisi tulilijua hilo tukiwa tayari kwenye bajaji.

Ukipanda ngazi ya juu zaidi, hesabu inabadilika kabisa. Gibb's Farm kule Karatu, shamba lililoanza 1929, hupika kutoka bustani yake na lina kahawa yake, lakini hapo bei ni ya kitalii, kwa kuwa soko lake ni watalii wanaokwenda Ngorongoro. Upande wa Moshi, Materuni na vijiji vya Uru, unalipia kahawa kwa namna nyingine: unatwanga kwenye kinu, unapepeta, unakaanga, unakunywa. Huko chakula ni nyongeza na kazi ndiyo starehe. Kwa mtoto wa miaka tisa, naona kinu kina thamani kuliko kitambaa cheupe. Popote uendapo uliza bei ya mwenyeji, uliza kama VAT imo, na udai risiti ya EFD.

Na uliza kama maziwa yamechemshwa. Maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela, homa inayokuja na kuondoka na kumsumbua mtu kwa miezi. Utandu kwenye birika letu ulinipa moyo. Ni dalili kwamba yamepita motoni. Kwa jibini laini uliza hivyo hivyo, hata kama mwenyeji atakuona mgumu.

Msimu nao una bei yake. Mvua zikiwa zimenyesha majani ni mengi na maziwa ni mengi. Kiangazi sahani hupungua lakini bei haishuki. Plamsi huingia mwisho wa mwaka, na ukienda Julai utakula jemu na utatetemeka kwa baridi.

Je, nitarudi? Nitarudi, ila kwa mpango mwingine: sahani mbili za wakubwa kwa watu wanne, maana watoto wangu waliacha nusu ya kila kitu isipokuwa jemu, na mkate mmoja wa dukani kuongezea. Hiyo ni 56,000 badala ya 75,000. Tutapanda kwa miguu asubuhi na mapema, tuteremke na bajaji ya 10,000. Na tutakaa hadi saa sita, kwa kuwa ile 15,000 ya ukungu na bonde umeshaitoa. Ukiondoka saa tatu umeiacha mezani.

Siku ile binti alitufungia mabaki ya mkate kwenye gazeti bila kuombwa. Tuliufungua Soni, basi likiwa limesimama, tukanunua ndizi dirishani kwa shilingi elfu moja. Mke wangu alikata kipande, akatafuna taratibu, akasema mkate kweli ni mzuri. Kuhusu maziwa hakusema kitu.