Kabla hujamwachia fundi wa kromu bampa lako la zamani

Wadau, leo tuongee vyuma. Kuna mtu ana Peugeot 404 ya marehemu babu, aina ile ile aliyoshindia Bert Shankland wa Dar mashindano ya Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Bodi nzima, injini inaitika, ila bampa limeliwa kutu. Huingii tu dukani Kariakoo ukalikuta lingine, kwa hiyo likiharibiwa na fundi mbabaishaji, ndo basi tena.

Nimezunguka kwa mafundi wengi na vyuma vyangu, na sasa huwa namsikiliza fundi kwanza. Anayekwambia "lete, kesho uchukue", mimi huyo namuaga kwa heshima.

Sababu ni hii. Kromu haipakwi kama rangi. Chuma kinatumbukizwa kwenye tanki la dawa, umeme unapita, madini yanajishika juu yake. Na kromu yenyewe ni utando mwembamba ajabu, haufiki hata milimita 0.001. Unaozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake, ambayo kwa bampa la gari inatakiwa iwe kama milimita 0.02 hadi 0.03. Chini ya nikeli, kazi nzuri ya vyuma vya zamani inawekwa shaba nyekundu. Shaba ni laini, inajaza vishimo vya kutu, halafu inasuguliwa mpaka iwe sawa. Kishimo kikubwa kinazibwa kwanza kwa kuchomelea.

Kwa hiyo kromu haifichi kitu! Mkwaruzo ulioachwa na msasa utauona vile vile, tena unang'aa. Karibu kazi yote ni kuvua kromu ya zamani, kunyoosha na kusugua. Fundi wa kweli atakulalamikia kuhusu kusugua mpaka umwonee huruma, na bei yake itakuuma. Ukitajiwa bei ya kutupa, ujue shaba imerukwa, na msimu mmoja wa mvua utakuonyesha.

Halafu kuna wale wanaopuliza rangi ya kung'aa na kukuuzia kama kromu. Wa kuwaumbua ni fundi redio. Azima tester yake, gusisha ncha zote mbili juu ya sehemu inayong'aa. Kromu inapitisha umeme. Kama tester imenyamaza, hapo kuna vanishi, umeliwa.

Muulize pia kuhusu vitasa, nembo na fremu za taa. Vingi si chuma bali ni mchanganyiko wa zinki, sumaku haivishiki. Ukivitupa kwenye tindikali kali pamoja na bampa vinaliwa vibaya mno. Fundi asiyepima kwa sumaku kabla ya kupokea kazi, mnyime hata kitasa kimoja.

Sasa lile ambalo wengi hawaulizi: maji yanaenda wapi? Dawa ya kromu ya mtindo wa zamani ina kromiamu 6, sumu inayosababisha saratani ya mapafu, na mvuke wake unaweza kumtoboa mtu ukuta wa ndani ya pua. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu dawa hiyo kutumika bila kibali maalum. California walipitisha mwaka 2023 kwamba kwenye kazi za urembo mwisho wake ni kuingia 2027. Ipo nyingine ya kromiamu 3 yenye nafuu, ila rangi yake hutofautiana kidogo, kwa hiyo usichanganye bampa la mbele la huku na la nyuma la kule. Mimi nikikuta maji ya njano yanatiririka mtaroni na vijana wamesimama juu ya tanki bila glavu, naondoka na chuma changu. Mtaro huo unapita mbele ya nyumba za watu.

Ukimpata anayeeleweka, anza na kitu kidogo, tuseme kifuniko cha taa. Piga picha kila kipande, andikishaneni idadi, maana skrubu na nembo huwa zinapotea kimiujiza. Na uombe kuliona bampa likiwa bado la rangi ya shaba, kabla ya nikeli. Akikubali bila kununa, mwachie.

Mwenye kumjua fundi wa namna hiyo, awe Dar, Arusha au Mombasa, atutajie mtaa.