Satelite inaona kijani, lakini haijui kama ni chakula

Kila siku chache, satelite zinapita juu ya Masisi, Rutshuru, Kalehe na Mambasa na kupiga picha. Picha hizo zinasaidia kupima kama majani yameongezeka ao yamepunguka, ku pori na ku mashamba. Wenye kuleta misaada, wenye kulinda mbuga na watu wa serikali wanazitumia kwa kuamua mambo yanayotugusa: wapi mavuno yatakuwa mabaya, wapi pori linakatwa, wapi chakula kipelekwe kwanza. Basi ni vizuri mukaaji wa huku ajue kazi hiyo inafanyika namna gani, na inaweza kukosea wapi.

Jani linafanya nini na mwangaza?

Mwangaza wa jua una sehemu nyingi. Jani lenye afya linakula sana ile sehemu nyekundu, juu ya kujitengenezea chakula. Kuna sehemu ingine ambayo jicho la mutu haliioni, inaitwa infraruji. Hiyo jani haliihitaji, kwa hiyo linairudisha juu kwa wingi. Satelite inapima mwangaza gani umerudi, na kiasi gani.

Tuchukue mfano wa shamba la maharagi yaliyofunika udongo vizuri. Kwa mwangaza mwekundu 100 uliofika, tuseme 5 tu inarudi. Kwa infraruji 100, inarudi 45. Toa 5 ku 45, inabaki 40. Jumlisha 5 na 45, unapata 50. Gawanya 40 kwa 50, jibu ni 0,8. Sasa tuone shamba lililolimwa jana, udongo mutupu: nyekundu inarudi 20, infraruji 30. Hesabu ile ile inatoa 0,2.

Namba hiyo wataalamu wanaiita NDVI. Inatoka -1 mpaka 1. Maji ya ziwa yanaangukaka chini ya sifuri. Lava mpya, sawa ile iliyoshuka Nyiragongo tarehe 22 mwezi wa tano 2021, inabaki karibu na sifuri mpaka majani yaanze kuota juu yake. Pori nzito linafika 0,8 na zaidi.

Picha zinatoka wapi?

Satelite ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972. Tangu 2008 picha za Landsat ni bure kwa kila mutu. Ulaya nayo ilirusha Sentinel-2 ya kwanza mwaka 2015 na ya pili 2017. Hizo mbili pamoja zilikuwa zinarudi juu ya fasi moja kila siku 5.

Lakini picha imegawanyika kwa miraba midogo, na kila mraba unapata namba moja tu. Kwa Sentinel-2, mraba ni mita 10 kwa 10. Kwa Landsat, ni mita 30 kwa 30. Shamba la mita 50 kwa 50 linapata miraba 25 kwa Sentinel-2, lakini kwa Landsat haifike hata 3. Ndani ya mraba moja mahindi yako, njia na nyumba ya jirani vinaweza kuchanganyika. Tena, muti moja uliokatwa kwa kuchoma makala katikati ya pori unaweza usionekane kabisa.

Namba moja haitoshi

Picha ya siku moja haisemi mambo mengi. Wataalamu wanafuata namba kwa msimu muzima. Kwa mulimaji wa mahindi ku Rutshuru anayepanda mwezi wa tisa, namba inaanza chini kwa sababu udongo uko wazi. Inapanda kadiri majani yanafunika udongo, kisha inashuka mwezi wa kwanza. Ile kushuka haiko mbaya: mahindi yamekauka, yanangoja kuvunwa. Ndiyo maana namba inalinganishwa na majuma yale yale ya miaka iliyopita. Kama mwezi wa kumi na moja iko chini kuliko miaka yote ingine, mvua ilichelewa, ao watu hawakupanda. Satelite yenyewe haiwezi kukuambia ni gani kati ya hizo mbili.

Hapa njo shida kubwa kwetu inaanza. Jamaa imekimbia vita, imeacha shamba. Kisha miezi michache, matete na majani ya pori yamefunika kila kitu. Satelite inapita, inapata 0,7. Kwa mutu anayesoma namba mbali na huku, shamba liko muzuri. Kumbe mwenyewe yuko ku kambi, na chungu ni kitupu.

Mutaalamu muzuri anajua namna ya kutambua hilo. Shamba linalolimwa lina alama yake: namba inaanguka wakati jembe linafungua udongo, kisha inapanda, inaanguka tena wakati wa mavuno. Shamba lililoachwa linabaki kijani bila kuanguka vile. Ikiwa mashamba mengi ya kijiji yanapoteza ile alama kwa misimu miwili, kuna jambo limetokea pale. Lakini hata hapo kuna mutego: muhogo unakaa udongoni mwaka muzima ao zaidi, na ndizi ziko kijani siku zote. Mwenye kuangalia picha tu anaweza kusema shamba la muhogo limeachwa, na kumbe watu wanakula sombe yake kila juma.

Ku pori ni vile vile. Majani yakisha kuwa mengi sana, namba haipandi tena. Kwa hiyo pori la zamani na pori lililoota upya zinaweza kupata namba moja. Kakao iliyopandwa chini ya miti mikubwa, sawa vile watu wanafanya Beni na Mambasa, inaonekana karibu sawa na pori. Na hata picha ikionyesha wazi kwamba miti imekatwa, haionyeshi nani aliikata.

Tena kuna mawingu. Ku milima yetu, wakati wa mvua, yaani wakati mimea inaota sana, picha nyingi zinatoka nyeupe tu. Wataalamu wanakusanya picha za siku nyingi na kuchagua fasi zilizo wazi, ao wanatumia satelite za rada, sawa Sentinel-1, ambazo zinapenya mawingu. Lakini rada haipimi kijani. Inapima umbo na maji ya mimea.

Uulize nini?

Mutu akileta karte ya rangi kijijini na kusema "hapa mavuno ni mazuri" ao "hapa munaharibu pori", mumuulize mambo matatu. Picha ni za tarehe gani, na zimelinganishwa na miaka gani? Mraba moja ni mita ngapi? Na nani alifika hapa kuangalia kwa macho?

Hilo la tatu linapita yote, kwa sababu karte inasahihishwa kwa habari za chini: tulipanda juma gani, nini iko shambani, ni mashamba gani yaliachwa na tangu lini. Habari hizo mulimaji anazo tayari. Akiziandika ku kaye pamoja na tarehe, na agronomu wa kijiji akazipeleka kwa wenye kutengeneza karte, kijani ya matete haitahesabiwa tena kama mavuno.