Usiigawe gemu yako bure kwa sababu ya woga

Mwezi uliopita nilitoka Mombasa hadi Kitale kumjulia hali dada yangu, aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita. Nilimkuta ana kinyongo. Wakati wa mavuno alibanwa na karo, akamuuzia dalali mahindi yake kwa bei aliyoitaja dalali mwenyewe. Miezi michache baadaye gunia lilelile likawa na bei nyingine kabisa. "Sikuhesabu mbolea wala vibarua," akaniambia. "Nilitaka pesa tu."

Kesho yake nikapanda matatu kupitia Webuye hadi Bungoma, anakoishi mwanawe. Kijana amemaliza chuo, amepanga chumba kimoja, na kwa miezi 11 amekuwa akitengeneza gemu peke yake: mwendesha bodaboda anayefikisha abiria kabla mvua haijaharibu barabara. Nimeicheza. Inanoga, na ukianza huachi.

"Utaiuza pesa ngapi?" nikamuuliza.

"Mjomba, nitaiweka bure kwanza. Watu wakishaizoea, nitaanza kulipisha. Kwani hapa nani atanunua gemu?"

Nikamwona mamake na magunia yake. Tukaketi siku mbili tukisoma masharti ya maduka ya mtandaoni na kupiga hesabu. Naandika tuliyoyapata kwa sababu najua hata huku Pwani wapo vijana wenye kazi kama hiyo kwenye kompyuta zao.

Jambo la kwanza ndilo lililomshtua. Kwenye Google Play, gemu ukishaitoa bure huwezi kuigeuza kuwa ya kununuliwa. Itakubidi uiweke upya kama gemu nyingine, na uanze tena kutafuta watu. Unaweza kuuza vitu vya ziada ndani yake, lakini mlango wenyewe ukishaufungua haufungiki. Angebonyeza siku ile, mpango wake wa kulipisha baadaye ungekufa hapo hapo.

La pili ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kodi ya nyumba, chakula, umeme na bando vilimla kama sh15,000 kwa mwezi, yaani sh165,000 kwa miezi 11. Kompyuta ya mitumba sh55,000. Duka la Steam, linalouza gemu za kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila gemu unayoingiza, takriban sh13,000, na hukurudishia tu mauzo yakifika dola 1,000. Jumla sh233,000. Hapo bado hajajilipa mshahara.

La tatu, duka lina fungu lake. Steam huchukua asilimia 30. Google Play mnamo Julai 2021 ilishusha fungu lake hadi asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza za mwaka. Sasa tazama: ukiuza Steam kwa senti 99 za dola, unabaki na kama sh90, kwa hiyo unahitaji wanunuzi karibu 2,600 ili urudishe gharama. Ukiuza kwa dola 4.99, unabaki na kama sh454, na wanunuzi 514 wanatosha. Hiyo ni kabla ya kodi, na ujue Marekani hukata kodi kwenye mauzo ya kule, nasi hatuna mkataba wa kodi nao wa kutupunguzia.

Bei ya juu itawafukuza baadhi ya watu, sikatai. Lakini asiye na pesa ya matangazo atawatoa wapi wanunuzi mara tano zaidi? Tena bei ya chini sana humtia mnunuzi shaka. Na kushusha bei wakati wa ofa humfurahisha mteja, ilhali kuipandisha humuudhi.

La nne, jipime na gemu za kimo chako, usijipime na mfuko wa jirani. Stardew Valley, iliyotengenezwa na mtu mmoja kwa zaidi ya miaka minne, ilitoka 2016 kwa dola 14.99, na ina saa nyingi za kuchezwa. Vampire Survivors ilianza kuuzwa Desemba 2021 kwa dola 2.99 ikiwa bado haijakamilika. Kumbuka pia kwamba Steam humrudishia pesa mnunuzi anayeomba ndani ya siku 14 ikiwa amecheza chini ya saa mbili. Gemu inayokwisha kwa saa moja, mtu anaweza kuimaliza na kudai chake.

La tano ni soko la nyumbani. Steam haina shilingi ya Kenya, kwa hivyo mtoto wa Bungoma huonyeshwa bei ya dola. Lakini mtoto huyohuyo nilimwona kwenye kibanda cha PlayStation akilipa sh20 kwa mechi moja ya mpira, na akilipa tena baada ya kufungwa. Pesa zipo, ila hutoka kidogo kidogo. Among Us ya 2018 ilifanya hivyo: kwenye simu bure pamoja na matangazo, kwenye kompyuta kama dola 5. Masoko mawili, bei mbili.

Basi kijana akabadilisha mpango. Kwenye kompyuta atauza kwa dola 4.99, na kipande cha kuonja kitakuwa bure. Kwenye simu, mitaa mitatu ya kwanza itakuwa bure, na iliyobaki itafunguliwa kwa sh50, zinazoweza kulipwa kwa M-Pesa.

Huenda asifikishe wanunuzi 514. Soko halina udugu, na gemu nzuri nyingi hupotea kimya. Lakini akianguka atajua ameanguka wapi. Nilipomsimulia mamake kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtumie zile hesabu. Anataka kuzijaribu kwenye mahindi ya msimu ujao.